AMMAR BIN ALI WA MOSUL, TABIBU WA MACHO



Katika miji yetu ya pwani hakuna mtaa usiokuwa na mzee akaaye barazani, fimbo mkononi, na mjukuu pembeni mwake wa kumwongoza hadi msikitini. Aghalabu maradhi yake ni yale yale, nayo ni mtoto wa jicho. Mboni huanza kuingia ukungu, kisha ukungu ukawa utando, na utando ukawa kama ukuta mweupe. Ukimwuliza kwa nini haendi kutazamwa, atakwambia kwamba huu ni uzee na uzee hauna dawa, au kwamba jicho likiguswa na chuma limekwisha. Katika wazee hao yumo mmoja niliyesoma nahau kwake nilipokuwa kijana. Alikuwa akiniona nikikosea irabu kabla sijafungua kinywa, na leo hauoni hata ukurasa wenyewe. Ni kwa ajili yake, na walio mfano wake, nimeazimia kuandika habari za mtu aliyeishi yapata miaka elfu moja iliyopita, aliyekuwa Mwislamu na mwana wa Mwislamu, na ambaye kazi yake ilikuwa ni hiyo hiyo ya kutia chuma katika jicho.

Jina lake ni Abul-Qasim Ammar bin Ali, na nisba yake ni Al-Mausili, kwa kuwa alizaliwa Mosul, mji wa Iraki ulio ukingoni mwa mto Dijla, mkabala na magofu ya Ninawi. Aliishi mwishoni mwa karne ya 4 ya Hijria na mwanzoni mwa karne ya 5, yaani katika ile miaka inayouzunguka mwaka 1000 wa Miladi. Zama hizo elimu ya macho ilikuwa imekwisha kujitenga na matawi mengine ya utabibu na kuwa fani kamili. Mwenye fani hiyo akiitwa kahhal, jina lililotokana na kuhli, ule wanja ambao mama zetu wanaujua vema. Maana dawa za macho nyingi zilikuwa za kupakwa kama wanja upakwavyo.

Wala fani hiyo haikuachiwa kila ajaye na kichupa chake. Kabla ya Ammar kuzaliwa, Hunain bin Is-haq, yule mfasiri mkubwa wa Baghdad aliyefariki mwaka 873, alikuwa amekwisha kuandika makala zake kumi juu ya jicho. Vitabu vya hisba vilivyoandikwa baadaye vyaagiza kwamba muhtasibu wa soko amtahini kahhal katika makala hizo hizo: tabaka za jicho ni ngapi, majimaji yake ni mangapi, maradhi yake ni yepi na dawa zake zachanganywaje. Asiyejua hakuruhusiwa kuyagusa macho ya watu. Na vitabu hivyo vyawataja kwa ubaya wale makahhal wa njiani, waliozunguka na masanduku yao wakitoboa macho na kwenda zao kabla usaha haujatoka. Nayasema haya kwa sababu wako miongoni mwetu wanaodhani kwamba dawa ya majani ya kutonezwa jichoni, inayouzwa mlangoni pasipo mwenye kuulizwa lolote, ndiyo mila ya wazee wetu. Wazee wetu walikuwa na mtihani.

Ammar hakukaa Mosul. Alikuwa msafiri, na safari zake zilienea kutoka Khurasan upande wa mashariki hata Misri upande wa magharibi, na kila alipofika alitibu. Alifanya kazi Kufa, na Diyar Bakr, na Tiberia katika nchi ya Palestina. Mwenye kujifunza kwa mwalimu mmoja katika mji mmoja huona maradhi ya mji huo. Huyu aliona macho ya watu wa milimani na wa jangwani, wa baridi na wa joto, vijana na vikongwe, na mambo aliyoyaona aliyatia katika hesabu ya akili yake. Hilo linadhihiri katika maandishi yake, kwani habari anazozieleza anazieleza kama mtu aliyesimama mbele ya mgonjwa, si kama mtu aliyenakili waliotangulia.

Sasa yatupasa tueleze maradhi yenyewe, na jinsi watu wa zama zile walivyoyafahamu, maana bila ya hivyo haitafahamika Ammar aliongeza nini.

Nyuma ya mboni ya jicho pana kitu kama punje ya dengu, kisafi kama maji, ambacho madaktari wa leo wakiita lenzi. Kazi yake ni kuikusanya nuru na kuituma nyuma ya jicho. Mtoto wa jicho si kitu kigeni kilichoota. Ni lenzi hiyo yenyewe iliyopoteza usafi wake na kuwa na ukungu. Walakini hilo halikujulikana. Matabibu wa Kiyunani, na wa Kiarabu baada yao, waliamini kwamba lenzi ndiyo kiti cha kuona chenyewe, haiguswi. Na kwamba ule weupe ni maji mabovu yaliyoteremka kutoka kichwani yakaganda kati ya mboni na lenzi. Kwa sababu hiyo maradhi haya kwa Kiarabu yaliitwa maji, au kuteremka kwa maji.

Dawa yao ilikuwa ni kuyatua hayo maji. Mgonjwa aliketishwa penye mwangaza, jicho lake zima likafungwa, na mtu akamshika kichwa kwa nyuma. Kahhal alichoma sindano nene katika weupe wa jicho, pembeni mwa ile duara nyeusi, akaipitisha mpaka ncha yake ikaonekana nyuma ya mboni, akausukuma ule utando mweupe kwenda chini hata mboni ikawa nyeusi tena. Mgonjwa akaona vidole. Kisha ndipo taabu ilipoanza. Ilimpasa alale chali siku kadhaa, kichwa hakigeuzwi, asikohoe, asipige chafya, asitafune kitu kigumu, wala asiseme kwa nguvu. Maana kile kilichosukumwa chini hakikutoka, kimo mumo humo jichoni, na kikipanda juu upofu hurudi kama ulivyokuwa. Wengine kilipanda baada ya wiki, wengine baada ya mwaka. Na wengine jicho liliingia usaha likafa kabisa. Namna hii ya kutibu ni ya kale sana, ilikuwako India na Uyunani kabla ya Uislamu, na mpaka zama zetu wapo waganga wa kienyeji katika baadhi ya nchi za Afrika Magharibi na Yemen wanaoitumia, na wanaoharibika kwa hiyo ni wengi mno kuliko wanaopona.

Ammar aliijua kazi hii na akaifanya. Katika kitabu chake alieleza visa sita vya kazi ya mtoto wa jicho, kila kimoja na namna yake. Lakini shaka ilimwingia juu ya jambo moja ambalo waliomtangulia walikuwa wameliridhia: ikiwa maji haya ni mabovu, kwa nini yaachwe ndani? Akatengeneza sindano ya madini iliyo wazi ndani kama mrija, yenye tundu karibu na ncha yake. Makusudio yake ni kuichoma pale pale ichomwapo sindano ya kawaida, kulielekeza tundu kwenye ule weupe, na kumwamuru mtu auvute kwa kinywa chake kutoka mwisho wa pili, mpaka weupe uingie katika sindano na kutoka nao nje. Hakitarudi juu kitu kisichokuwemo.

Alikuwa nayo sindano hiyo, na hakuwa ameijaribu kwa mtu yeyote, hata alipofika Tiberia. Hapo alijiwa na mtu mwenye mtoto wa jicho, akamwambia kwamba yu radhi kwa lolote atakalofanyiwa, ila jambo moja tu haliwezi, nalo ni kulala chali. Tuzingatie hali ya tabibu huyu. Kumtibu kwa njia ya zamani mtu asiyeweza kulala chali ni kumdanganya, kwani ule weupe utapanda usiku ule ule. Kumrudisha nyumbani ni kumwacha kipofu. Ammar akaitoa ile sindano ya wazi, akaichoma, akauvuta weupe wote, na yule mtu akaona papo hapo. Hakuambiwa alale namna yoyote, alilala apendavyo. Ammar alilifunga jicho lake kwa kitambaa muda wa siku saba, na basi. Baadaye alipofika Misri aliitumia sindano hiyo kwa watu wengi, na katika kitabu chake akaandika kwamba hakuna aliyemtangulia kwayo.

Katika dai hilo la mwisho yatupasa kuwa waadilifu. Razi, tabibu mkubwa aliyefariki yapata mwaka 925, alinakili katika Al-Hawi habari za watu wa kale waliosemekana kuingiza mrija wa kioo na kuvuta. Huenda basi fikira ilikuwa imekwisha kumpitia mtu mwingine kabla yake. Walakini kusikia kwamba jambo limefanyika ni kitu kimoja. Na kulifanya, ukaliandika kwa mahali pake, na hali ya mgonjwa wake, na idadi ya siku alizofungwa kitambaa, ni kitu kingine. Mrija wa kioo ndani ya jicho la mtu ukivunjika ni msiba. Sindano ya madini ya Ammar ndiyo iliyoweza kurudiwa na watu wengine.

Misri aliyoifikia ilikuwa chini ya Al-Hakim, mtawala wa Kifatimi aliyetawala tangu mwaka 386 hata 411 wa Hijria, yaani 996 hata 1021 wa Miladi. Mambo ya mtawala huyu mengi hayaridhiwi, na wanahistoria wameyaeleza. Leo aliamuru, kesho aliikataza amri yake, na mwisho alitoka usiku akapotea asionekane tena. Hata hivyo ndiye aliyefungua Darul-Ilm mjini Kairo mwaka 1005, na chini ya utawala wake walikutana katika mji mmoja watu wawili ambao elimu ya jicho haiwasahau. Mmoja ni Ibn al-Haitham wa Basra, aliyethibitisha katika kitabu chake cha Al-Manazir kwamba nuru ndiyo iingiayo jichoni kutoka kwenye kitu kinachoonwa, wala haitoki jichoni kukiendea kitu. Wa pili ni Ammar wetu huyu. Mmoja alieleza nuru yaingiaje, na mwingine aliufungua mlango ulioiziba.

Kitabu cha Ammar, alichokitunga kwa ajili ya huyo Al-Hakim, kinaitwa Al-Muntakhab, nacho ni kifupi, chenye mpango mzuri, na chenye mambo aliyoyaona kwa macho yake. Walakini bahati ya vitabu ni kama bahati ya watu. Zama zile zile huko Baghdad aliishi kahhal mwingine, Ali bin Isa, aliyetunga Tadhkirat al-Kahhalin, kitabu kirefu kilichokusanya maradhi ya macho zaidi ya mia moja pamoja na dawa zake. Wanafunzi walikipenda hicho kwa kuwa kila kitu kimo. Kitabu cha Ammar kikafunikwa. Hata Ibn Abi Usaibia, aliyeandika tabaka za matabibu katika karne ya 13, alimpa Ammar maneno machache akapita. Mimi naliona hili kuwa ni kosa letu la zamani, la kukitukuza kitabu kinene juu ya kile chenye jambo jipya, na wala hatujalitubia.

Si kwamba alisahauliwa na wote. Katika karne hiyo hiyo ya 13 Khalifa wa Halab alichora vyombo vya kahhal katika kitabu chake, na sindano ya wazi imo. Na Salah ud-Din wa Hama alichukua mengi kwa Ammar. Huko Italia Myahudi mmoja, Nathan, alikifasiri Al-Muntakhab kwa Kiebrania. Kisha kimya kikawa kirefu, mpaka mwaka 1905, tabibu wa macho wa Berlin aitwaye Julius Hirschberg pamoja na wenziwe walipokitoa kwa Kijerumani. Hirschberg, aliyeandika historia ya tiba ya macho ya mataifa yote, alimhesabu Ammar kuwa ndiye mwenye fikira mpya kuliko makahhal wote wa Kiarabu.

Na huko Ulaya kazi ilikuwa imerudiwa upya, kwa njia nyingine. Mwaka 1705 Mfaransa Brisseau alilifungua jicho la askari aliyekufa, akaona kwamba kilichokuwa cheupe ni lenzi yenyewe, si maji. Mwaka 1747 Jacques Daviel, Mfaransa pia, alilikata jicho kwa mbele na kuitoa lenzi yote nje. Na katika miaka ya 1840 madaktari wa Paris walileta sindano ya kuvuta mtoto wa jicho kwa mfyonzo, wakaionyesha kuwa ni jambo lililozuliwa siku hizo.

Twajua sasa kwa nini sindano ya Ammar ilifaulu mahali na kushindwa mahali. Lenzi ya kijana ni laini, nayo huvutika. Lenzi ya mzee hushupaa kama kokwa, na hakuna kinywa kitakachoipitisha katika sindano. Lakini hata pale ilipofaulu palibaki upungufu ambao Ammar hangeweza kuujua. Alidhani ameondoa maji mabovu, kumbe ameondoa lenzi. Yule mtu wa Tiberia aliona, naam, aliona mwanga na nyuso na njia. Lakini kusoma herufi ndogo lazima kulimshinda, kwa kuwa jicho lisilo na lenzi haliwezi kuikusanya nuru ipasavyo. Miwani haikuwako, ilizuka Italia karibu na mwisho wa karne ya 13. Na hata ilipokuwako, mwenye kutolewa lenzi alivaa vioo vinene kama kitako cha chupa, vikivikuza vitu kupita kadiri na kuvipinda pembeni.

Aliyeujaza upungufu huo ni Mwingereza, Harold Ridley. Katika vita vya mwaka 1940 alitibu marubani waliorukiwa machoni na vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege, akaona kwamba plastiki hiyo hukaa jichoni kwa utulivu bila jicho kuchafuka. Na kijana mmoja mwanafunzi, aliyekuwa akitazama akitoa mtoto wa jicho, alimwuliza mbona hairudishi lenzi nyingine mahali pa ile aliyoitoa. Swali la mtoto wa chuo, na wakubwa wote walikuwa hawajaliuliza! Tarehe 29 Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas' mjini London, alianza kazi hiyo kwa mwanamke wa miaka 45, na Februari 1950 akaikamilisha. Lenzi ile ya kwanza ilizidi nguvu, mgonjwa akawa haoni mbali bila miwani, walakini ilikaa. Ridley alipoitangaza mwaka 1951, wakubwa wa fani yake walimpinga kwa ukali miaka mingi, wakisema kwamba kazi ya tabibu ni kutoa kitu jichoni, si kutia. Uzeeni mwake yeye mwenyewe alipata mtoto wa jicho katika macho yote mawili, akatiwa lenzi hizo alizozianzisha, naye akafariki mwaka 2001 akiwa anaona.

Ilibaki taabu ya mkato mpana. Mwaka 1967 Charles Kelman wa New York, aliyeipata fikira hiyo katika kiti cha daktari wa meno, alianza kutumia sindano inayotetemeka kwa kasi kubwa mno, ambayo huivunjavunja lenzi iliyoshupaa na kuivuta nje. Mkato wake leo hauzidi milimita tatu, na lenzi ya bandia huingizwa ikiwa imekunjwa, ikajikunjua yenyewe ndani. Na sindano hiyo, ndugu msomaji, ni ya madini, nayo iko wazi ndani.

Nimemsomea mwalimu wangu habari hizi barazani, jioni mbili, kwa kuwa siku ya kwanza adhana ya Magharibi ilitukuta tungali Tiberia. Hakubishana nami juu ya Al-Hakim, ingawa nilidhani atabishana. Aliniuliza jambo moja tu: na yeye atalazwa chali? Maana kifua chake kina pumu. Nilikwenda kumwuliza daktari, akaniambia kwamba wakati wa kazi yenyewe atalala chali, muda usiofika nusu saa kama hapana uzito, na mto utainuliwa kidogo. Na usiku wake atalala apendavyo, mradi asililalie jicho lenyewe. Nilimrudishia jibu hilo. Alinyamaza, kisha akaulizia siku. Ni Jumanne, baada ya Alfajiri, nami ndiye nitakayemshika mkono.